Kidonge cha Saa Tatu Usiku

Nilijua hali yangu siku nilipokwenda kumchangia damu dada yangu aliyesubiri upasuaji. Damu ya kuchangia hupimwa virusi vya Ukimwi (VVU), kaswende na homa ya ini B na C. Yangu ikakutwa na B. Nilikuwa nauza mchele sokoni Morogoro, sikuwa naumwa hata kichwa. Kipimo kiliporudiwa baada ya miezi sita, daktari akaniambia imeshakuwa sugu, na huenda nilizaliwa nayo au niliipata nikiwa mchanga. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wetu Tanzania mwaka 2002. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari.

Nikaanzishiwa tenofovir, miligramu 300, kidonge kimoja kila siku. Wifi yangu akakiona kichupa, akalitambua jina, akadhani nina VVU. Ni kweli, dawa hiyo imo pia kwenye zile za kufubaza VVU. Kesho yake nikakuta kikombe changu cha bati kimewekwa peke yake juu ya ndoo, kimefunikwa kwa sahani. Kilichoniuma ni kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kula sinia moja. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Nikaanza kuficha vidonge ndani ya debe la mchele.

Mwaka ulipopita, kipimo kikaonyesha virusi havionekani. Nikaona nimepona, nikaacha dawa bila kumwambia mtu. Mwezi wa nne tangu niache, macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, harufu tu ya mafuta ikinitapisha. Nikalazwa. Daktari hakunigombeza, alivuta kiti, akanieleza kuwa virusi vilikuwa vimefubaa, havikuwa vimekwisha.

Leo ni mwaka wa saba. Kidonge nameza saa tatu usiku, mbele ya watu wote. Kila miezi sita napima ini na figo, nafanyiwa utrasaundi, maana saratani ya ini huanza kimyakimya. Mume wangu alipima, akachanjwa sindano tatu. Wifi naye alikwenda kupima mwenyewe, na siku hiyohiyo akanimiminia chai kwenye kikombe alichokuwa akinywea yeye.

Ndugu yangu, ukiambiwa virusi havionekani, mshukuru Mungu, na usiku huo meza dawa yako. Usiiache kabla hujazungumza na daktari wako.