Tajiri Anywe Shampeni Yake

Mwaka 2017, tajiri Ivan Ssemwanga alipozikwa Kayunga, hapa Uganda, marafiki zake walimwaga shampeni na kutupa noti kaburini mwake. Nchi nzima ilizungumza. Benki Kuu ililaani kitendo hicho, na kuna aliyekwenda mahakamani akitaka kaburi lifukuliwe ili pesa zitolewe.

Wakati huo nilikuwa bado shuleni. Wenzangu walisema matajiri wote ndivyo walivyo, kazi yao kufuja mali. Mimi sikuwaunga mkono. Baba yangu ni fundi mwashi, na majumba ya Kololo aliyoyajenga, yenye vigae vya ng'ambo na mabwawa ya kuogelea, ndiyo yaliyonilipia karo. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno.

Hata hivyo, baba huyo huyo aliwahi kumaliza ukuta wa jumba moja akazungushwa miezi minne bila ujira, huku mwenye nyumba akiingiza gari jipya langoni. Muhula ule nilirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, mimi siulizi tajiri amenunua nini. Nauliza kama amewalipa waliomfanyia kazi. Noti za Kayunga zilituuma kwa sababu kaburini hakuna fundi wa kuzipokea. Tajiri aliyelipa watu wake, na anywe shampeni yake kwa amani. Asiyewalipa anakunywa karo ya mtoto wa fundi.