Eti antibayotiki ya kidonda?

Wasee, kuna tabia moja mtaani inanikera. Mtu akianguka na nduthi, mguu unachubuka, siku ya nne unaanza kutoa usaha, na kituo cha kwanza ni kemisti. "Nipe antibayotiki ya kidonda." Na anapewa! Wengine hata hufungua kapsuli na kumwaga ule unga juu ya kidonda, kama chumvi kwa chipo.

Kidonda hakina dawa yake. Bakteria aliye ndani ndiye ana dawa yake, na kwa macho humjui ni nani. Binamu yangu alimeza amoksilini wiki nzima, usaha ukageuka kijani. Maabara ikampata Pseudomonas aeruginosa, ambaye kwa maumbile yake haguswi na amoksilini. Angemeza hata ndoo nzima, ni hasara tu.

Kipimo chenyewe si uchawi. Kidonda kinaoshwa kwanza, juu usaha wa juu hubeba hata visivyohusika. Kisha kijiti chenye pamba kinabonyezwa na kuzungushwa kwenye nyama safi ya kidonda (inauma kiasi, sitakudanganya). Maabara wanaipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inalala kwa joto la nyuzi 35 hivi. Wakishaota, wanapandwa kwenye sahani nyingine yenye vikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayoweza inaacha duara tupu, linapimwa kwa milimita. Ile imeshindwa, bakteria wanaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Hapo ndipo mnaona nani muongo.

Najua mtasema ni pesa, na majibu ni siku 2 au 3. Kweli. Na mkwaruzo mdogo usio na usaha hauhitaji haya yote, kwani ngozi ya kila mtu ina bakteria. Pia ukiwa na homa na wekundu unapanda mguuni, daktari hatangoja, ataanza dawa. Lakini sampuli itoke kwanza, kwa sababu ukishameza, bakteria wanaweza kukataa kuota kwenye sahani na bado wako kwako wanakula nyama.

Majibu yakirudi, itisha ile karatasi uione. Kando ya jina la kila dawa kuna herufi: S, dawa inamuweza, R, ashaizoea. Muulize daktari kwa nini amechagua aliyochagua.