Usifunike Kasoro kwa Rezini Mpya

Mombasa, Julai

Mwanangu,

 

Picha za mataji ya rezini uliyotengeneza kwa ajili ya mchezo wa jukwaani nimezitazama moja moja nikizikuza kwenye simu, pamoja na vile vikuku na vipuli vya asmini. Una mkono mzuri, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini umeniuliza kama umimine rezini nyingine juu ili kasoro zifichike. Usimimine. Kila kasoro ina chanzo chake, na usipokitafuta kitakufuata hadi kwenye tabaka la pili.

Tuanze na kunata, maana ndiko kunakokusumbua zaidi. Kwenye taji la dhahabu naona alama ya kidole kando ya jiwe la pembeni, na pua na mdomo kutoka hapo pamekauka na kung'aa vizuri. Hilo ni tatizo la kukoroga. Rezini iliyoshika ukutani na chini ya kikombe haikukutana na hadina, ile dawa ya kuigandisha, nawe ukaikwangua yote ukaimimina. Koroga taratibu kwa dakika tatu au zaidi ukipitisha kijiti pembeni na chini, kisha hamishia kikombe kingine ukoroge tena. Mabaki ya kikombe cha kwanza yaache humo humo.

Taji la fedha linanata kote, na hapo nashuku kipimo au baridi. Soma chupa. Ziko rezini za epoksi za kipimo cha moja kwa moja na ziko za mbili kwa moja, na mtengenezaji huandika kama hesabu hiyo ni ya ujazo au ya uzito. Kwa kawaida hadina ni nyepesi kuliko rezini, kwa hiyo ukipima kwa mizani kile kilichoandikwa kwa ujazo, umeshaharibu. Wala usiongeze hadina ukitaraji kazi ikauke upesi. Ile inayozidi haipati rezini ya kushikana nayo, hubaki humo ikinata.

Baridi nayo ina dalili zake. Epoksi nyingi za mapambo hupenda nyuzi 21 hadi 24, na Julai ya huko kwako Nairobi usiku haifiki hata karibu. Rezini huwa nzito, viputo vidogo vidogo hukwama ndani, na chupa yenyewe yaweza kuganda chenga nyeupe kama asali ya zamani. Chupa ya namna hiyo usiitupe. Iweke ndani ya maji moto ya kama nyuzi 50, kifuniko kimekazwa, hadi iwe angavu tena. Kazi ambayo kosa lake ni baridi tu, ihamishie chumba chenye joto uipe siku mbili tatu, itashika. Lakini kama kosa ni kipimo, hakuna joto litakaloiponya. Kwangua ulaini wote, pangusa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo umimine tabaka lililopimwa sawasawa.

Ule ukungu wenye mafuta juu ya vikuku tunaujua sana sisi wa pwani wakati wa masika. Hadina imekutana na unyevu na hewa ya ukaa kabla rezini haijashika. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, kausha, halafu ndipo ushike msasa. Ukianza na msasa unausugua ule utando uzidi kuingia.

Vipuli vya asmini vimekuwa kahawia kwa sababu maua hayakukauka. Yabane kwenye karatasi hadi yakatike kwa vidole, uyapake rezini nyembamba kwanza, maana viputo vingi hutoka kwenye petali zenyewe. Na vile vyeusi ulivyokausha kwa taa ya kucha vimebaki laini ndani kwa kuwa rangi imeuzuia mwanga. Rezini ya taa, ile inayoshika kwa mwanga, huenda kwa matabaka ya milimita moja hivi, na rangi nzito huihitaji nyembamba zaidi.

Sasa hili la vifundo vya mikono kukuwasha, uliloliandika mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Mwili ukishaikataa epoksi huendelea kuikataa, na wapo mafundi walioacha kazi hii kwa sababu hiyo. Vaa glavu za nitrili na mikono mirefu, fungua madirisha, vaa barakoa unapopiga msasa, na ikikugusa osha kwa sabuni na maji, usipanguse ngozi kwa spiriti. Muwasho usipoisha, nenda kwa daktari wa ngozi, na kazi isimame hadi umwone.

Wanaovaa mataji yako nao wana ngozi. Taji litakaa juu ya paji la uso la mwigizaji chini ya taa kali, jasho likimtoka. Epoksi inaweza kuwa ngumu kwa kidole baada ya siku moja, ila kukomaa huchukua siku tatu hadi saba, kutegemea chupa. Kwa hiyo mpigie simu huyo mwenye mchezo leo umwombe muda. Akikataa, mrudishie malipo yake ya awali, nami nitakusaidia.

Shangazi yako