Ningu, Sangara na Msimu Ujao

Mvuvi wa Pemba hupima msimu wake kwa kaskazi na kusi, kwa bamvua na maji mafu. Mvuvi wa Ngara na Biharamulo, huko Kagera, hana maji kupwa wala maji kujaa. Ana vuli na masika, na mito ibadilikayo rangi. Ruvubu hutoka Burundi, ukaungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Viktoria. Basi aulizaye matarajio ya msimu ujao wa kuvua kwa mshipi na ndoana, kwa ajili ya burudani, hana budi kuanza na mvua.

Kwa mgeni amtakaye sangara, matarajio ni mema. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, hufikiwa kwa mashua kutoka Kasenda, upande wa Chato, iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo na ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Nyavu za biashara haziruhusiwi katika maji ya hifadhi, na sangara akiachwa akue hupita kilo 100. Ukiona vyaelea, vimeundwa: samaki mkubwa wa leo ni mdogo aliyeachwa jana. Ndiyo maana kanuni zinakataza kumvua sangara asiyefika sentimeta 50.

Lakini yupo samaki mwingine, mwenyeji wa zamani kuliko sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Huyo ni ningu. Huishi ziwani, na mvua zinapojaza mito hupanda dhidi ya mkondo kwenda kutaga, mfano wa samoni wa bahari za kaskazini ya dunia. Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu zilitegwa midomoni mwa mito wakati ule ule alipokuwa akipita na mayai tumboni. Aliyenaswa hakuwa samaki mmoja, bali kizazi. Kabla sangara hajaenea ziwani, ningu alikwisha kupungua.

Sasa limekuja jambo jipya. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na Ziwa Burigi limo ndani yake. Hifadhi humpa samaki pumziko. Hilo ni jema. Ila huleta pia swali la haki. Mgeni mwenye kulipa akivua kwa starehe, na jirani aliyezaliwa kando ya maji akaambiwa akae mbali, huyo jirani ataona nini cha kumfanya aulinde mto? Asipoona faida, si ajabu wavu ukarudi mdomoni mwa mto usiku, na hapo hakuna askari awezaye kuhesabu mayai yaliyopotea.

Kwa hiyo msimu hautabiriwi kwa wingi wa wageni wala kwa uzuri wa mishipi yao. Hutabiriwa kwa siku chache za mafuriko ya kwanza, ningu anapoikabili njia yake, na kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyesimama ukingoni, wavu ukiwa begani, watoto wakimngoja nyumbani.