Kusoma ni Bure, Kucheza ni kwa Ada

Katika shule yetu hapana jambo lizungumzwalo wakati wa mapumziko kuliko mpira. Wavulana hubishana juu ya Simba na Yanga mpaka kengele ikalia, na sisi wasichana twabishana pia, ila hatupigi makelele mengi. Leo sitaki kueleza nani alifunga bao na nani alikosa. Nataka kueleza habari za daftari moja lililokuwako nyumbani kwetu Mbagala mwaka 2024, ambalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, likanifundisha jambo ambalo sikulipata katika somo la Hesabu.

Mwaka ule nilikuwa Kidato cha Pili, na mdogo wangu alikuwa na miaka 12, yuko Darasa la Sita. Tangu utoto wake hakuweza kuona mpira wa makaratasi ukipita bila kuufuata. Siku moja ya mwezi wa Januari walikuja watu wawili wenye filimbi shingoni, wakasimama kando ya kiwanja cha mtaani kwetu, wakawatazama watoto mpaka jua lilipotua. Asubuhi yake mmoja wao alimfuata Mama penye kikaango chake cha vitumbua, akamwamkia kwa adabu, akasema, "Mama, mtoto wako ana kipaji. Usikiache kikapotea."

Nadhani mzazi akisikia maneno kama hayo hawezi kulala. Mama hakulala. Jioni alimweleza Baba, ambaye ni fundi mwashi, hupata kazi leo na kesho akaikosa. Baba aliuliza neno moja tu: "Kiasi gani?" Akaambiwa kwamba kituo kile cha kufundishia mpira kilitaka kiingilio cha shilingi 50,000, na ada ya shilingi 60,000 kila mwezi. Baba akanyamaza. Mama akasema, "Tutajaribu." Basi nikapewa daftari niandike hesabu, kwa sababu mwandiko wangu wasomeka.

Hapo ndipo nilipoona ajabu ya kwanza. Tangu mwaka 2016 hatulipi ada katika shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne, na wengi wetu tusingalikuwa hapa kama si hivyo. Kumbe nyumbani kwetu ikawa kusoma ni bure, na kucheza ni kwa ada!

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mdogo wangu aliondoka kila Jumamosi na Jumapili kabla ya jua kuchomoza, na aliporudi alitueleza mambo mapya: jinsi ya kuupokea mpira kwa upande wa mguu, jinsi ya kuinua kichwa kabla ya kutoa pasi. Kusema kweli alibadilika. Hata vyombo alianza kuosha bila kuambiwa. Mwalimu wake wa mpira alikuwa mtu mwema na mjuzi, wala simlaumu.

Lakini daftari halikujua wema wa mtu. Tulidhani tutalipa ada tu, kumbe ada ilikuwa kama mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Zilitakiwa jezi seti mbili, shilingi 70,000. Vikatakiwa viatu vya njumu, na kwa kuwa mguu wa mtoto haungoji mshahara wa babaye, mwezi wa Julai vikatakiwa vingine. Jozi mbili, shilingi 90,000. Nauli nayo ilitushangaza. Siku za shule mwanafunzi alilipa shilingi 200 katika daladala, lakini Jumamosi, mtoto akiwa na jezi badala ya sare, kondakta hakumtambua kuwa mwanafunzi. Kwa mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, kila siku ya mazoezi ilitutoka shilingi 2,500.

Mwezi wa Juni ikaja habari ya mashindano Arusha. Kila mzazi atoe shilingi 170,000, na ikasemekana kwamba mawakala kutoka Ulaya watakuwako. Wakati huo Mama alikuwa amefikiwa na zamu yake ya upatu. Fedha ile alikuwa ameiwekea nia mwaka mzima: anunue jokofu kuukuu ili auze maji baridi na barafu, asitegemee vitumbua peke yake. Alizihesabu mara mbili juu ya kitanda, akanipa mimi nikazitume kwa simu. Hakusema kitu. Mdogo wangu alikwenda Arusha, akacheza dakika 20 katika michezo miwili, akarudi na cheti na picha. Nilimuuliza habari za mawakala. Akajibu, "Dada, sikuwaona."

Kuna gharama moja ambayo sikuiandika. Mwaka ule nilimwambia Mama kwamba sihitaji fedha za chakula cha mchana shuleni, kwa kuwa njaa hainiumi. Haikuwa kweli. Mwezi wa Septemba, mtihani wa Kidato cha Pili ukiwa karibu, nilikuwa nikisinzia katika vipindi vya alasiri, na walimu wangu ni mashahidi. Basi siku moja nilirudi nyumbani na hasira, nikamkuta mdogo wangu akipaka viatu vyake mafuta, nikamwambia, "Wewe unakula chakula chetu sote kwa miguu." Hakunijibu. Aliendelea kupaka viatu. Neno lile ningelipenda kulirudisha, lakini neno si mpira, halina kamba ya kulivuta.

Mwezi wa Oktoba Mama aliumwa, akaniomba nimsindikize mdogo wangu mazoezini. Njiani alikuwa mzito wa maneno, akaniambia nishuke nirudi, atafika mwenyewe. Mimi nikakataa. Tulipofika, wenzake waliingia uwanjani, naye akapita nyuma ya goli, akaketi nje ya ua pamoja na watoto wengine watatu. Mpira ulipovuka ua, waliinuka, wakaufuata, wakaurudisha. Nilipomwuliza, alisema kwamba ada ya Septemba na ya Oktoba haijalipwa, na asiyelipa hachezi. Jumamosi ile ilikuwa ya tatu. Alikuwa akipokea nauli kwa Mama, akivuka jiji zima, akiokota mipira ya wenzake, na kurudi nyumbani akisema mazoezi yalikuwa mazuri. Aliogopa kwamba akisema kweli, Mama atakopa.

Nilimwendea mwalimu wake. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Dada, hata mimi uwanja huu naukodi. Mipira nanunua. Wasaidizi wangu nao wana watoto." Nilitafuta jibu nikalikosa, maana alisema kweli.

Usiku ule nilijumlisha daftari. Kiingilio 50,000, ada za miezi saba 420,000, jezi 70,000, viatu 90,000, nauli za siku 72 zikawa 180,000, Arusha 170,000. Jumla shilingi 980,000, mbali na deni la 120,000. Faida ya Mama, siku ikiwa njema, ni shilingi 7,000. Nikagawanya. Ilikuwa sawasawa na siku 140 za kuamka saa kumi za usiku na kuinama juu ya moto. Nilimsomea Mama. Akasema, "Funga daftari, mwanangu." Na mdogo wangu hakwenda tena.

Tangu siku ile nimefikiri sana, nikauliza walimu na kusoma, nami napenda kuwaeleza wazazi mambo mawili niliyoyapata.

La kwanza ni juu ya Ulaya. Sheria za FIFA hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Basi mtu akikuambia kwamba mtoto wako wa miaka 12 alipiwe upesi kwa sababu wakala wa Ulaya anangoja, ujue kwamba wakala huyo hana la kumfanyia kwa miaka sita. Mbwana Samatta, ambaye sisi wa Mbagala twajivuna kwamba ni wa kwetu, alicheza African Lyon na Simba kwanza. Alipokwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 alikuwa na miaka 18. Genk ya Ubelgiji ilimchukua mwaka 2016, na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Haikuwa safari ya mwaka mmoja.

La pili ni juu ya nani alipe. Katika sheria hizo hizo, mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kwa timu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawanywa kwa timu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 mpaka 23. Maana yake, dunia ya mpira imekwisha kukubali kwamba kulea mchezaji ni kazi inayostahili malipo, na malipo hayo hutoka kwa wanunuzi wake baadaye. Lakini mzazi aliyelipa ada, jezi na nauli hana fungu katika asilimia hiyo. Timu zilizo tajiri huona mtoto ana kipaji, nazo ndizo hutoa fedha. Messi alipofika Barcelona mwaka 2000, naye ni mtoto wa miaka 13 mwenye ugonjwa wa kutokukua, timu ndiyo iliyokubali kulipia dawa zake. Kwetu mzazi huambiwa mtoto ana kipaji, kisha yeye ndiye aambiwaye atoe.

Huenda mtu akasema, hizo ni timu tajiri, sisi maskini tufanyeje? Namjibu kwa mfano wa jirani. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, ambao si mtaa wa matajiri, tangu mwaka 1987 kiko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Huko vijana husafisha mitaa yao, huzoa taka na kuzibua mifereji, na timu hupewa pointi za ligi kwa kazi hiyo. Mtoto asiye na fedha ana mikono, na mikono yake huhesabiwa.

Nasi pia tuna tulicho nacho. Shule zetu nyingi zina kiwanja, ijapokuwa kina mashimo. Tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako mtoto hutazamwa kwa mguu wake na si kwa mfuko wa mamaye. Tunachokosa ni mipira, nyavu, na mwalimu mwenye muda. Kama wazazi kumi wa mtaa wetu wangaliweka pamoja nusu tu ya fedha walizozitawanya katika vituo vya mbali, kiwanja cha shule kingalisawazishwa na watoto mia wangalicheza. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Wachezaji nao huundwa, ila si haki jahazi zima liundwe kwa mbao za nyumba ya mtu mmoja.

Sasa ni mwaka 2025, nami ni Kidato cha Tatu. Mtihani ule nilifaulu, ingawa si kama nilivyotumaini. Mdogo wangu yu Darasa la Saba, na hucheza katika timu ya shule yake, ambako mwalimu wa Sayansi huwafundisha jioni bila malipo. Mwaka huu hakuchaguliwa kuingia timu ya wilaya. Alilia siku moja, kisha kesho yake akarudi kiwanjani. Jokofu bado halijanunuliwa, lakini zamu ya upatu ya Mama i karibu, na safari hii mimi ndiye nitakayezihesabu.

Wazazi wapenzi, mtu mwenye filimbi akija kuwaambia kwamba mtoto wenu ana kipaji, mshukuruni, kisha mwambieni awaandikie gharama zote, tangu ada hadi nauli, na awaeleze mtoto atafanywaje mwezi mtakaokosa fedha. Akijibu vizuri, mpeni mtoto. Nanyi wenzangu mnaopelekwa katika vituo hivyo, msiwafiche wazazi wenu kama mdogo wangu alivyomficha Mama. Ada iliyokosekana si aibu ya mtoto.

Nami namwomba radhi mdogo wangu mbele ya shule nzima kwa neno nililomwambia siku ile ya viatu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu