Kidole Gumba na Kompyuta Mpakato

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili, leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho pengine kiko mbele yako hivi sasa. Wengine hukiita kompyuta mpakato, wengine kipakatalishi, na wengi mitaani husema laptopu tu. Majina mawili ya kwanza yanatokana na kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshikilia asianguke. Mtoto wako humpakata wewe mwenyewe. Humwachii mpita njia. Mimi chombo hiki niliwaachia wapita njia kwa miaka mingi, na siku moja nilitozwa gharama yake.

Lakini kwanza nikusimulie habari za baba yangu. Marehemu alikuwa mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Hakujua kusoma. Msimu wa mavuno ulipofika, alibeba kahawa yake hadi chamani, karani akaipima, akaandika katika daftari, kisha akamsogezea wino. Baba alichovya kidole gumba na kukibandika mahali alipoonyeshwa. Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, nilimsindikiza. Tulipokuwa tukipanda mlima kurudi nyumbani, alikitazama kidole chake kilichobaki na rangi, akasema: "Kidole hiki kimekubali jambo ambalo macho yangu hayakuliona." Hakumshutumu karani. Pengine karani yule alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Kilichomuuma baba ni kwamba hakuwa na njia ya kujua.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaamini kwamba kidole gumba cha ukoo wetu kilikuwa kimezikwa pamoja na baba. Nilijidanganya.

Miaka kadhaa iliyopita nilisikia kwamba kulikuwa na mafunzo ya wiki mbili kwa walimu wa Kiswahili, Dar es Salaam. Maombi yalitakiwa kutumwa kwa barua pepe. Sikuwa na anwani ya barua pepe, wala sikujua kuitumia kompyuta. Nikaenda kwenye kibanda kimoja cha huduma za kompyuta, nikamkuta kijana mpole, mwenye vidole vyepesi. Akanifungulia anwani, akachagua nywila, akaiandika katika daftari lake, akaniandikia barua na kuituma. Akaniuliza namba ya kitambulisho changu cha taifa. Nikaitaja kwa sauti, watu watano wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu. Nililipa, nikamshukuru, nikaenda zangu nikiwa na furaha.

Nilisubiri jibu. Wiki zikapita. Niliporudi kibandani, kijana alikuwa amehama mji, na daftari lake alikuwa ameondoka nalo. Ilichukua siku kadhaa kumpata kwa simu. Hatimaye barua pepe yangu ilipofunguliwa, nilikuta jibu lililokuwa limelala humo kwa zaidi ya mwezi: nimekubaliwa, nithibitishe ndani ya siku 10. Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwalimu mwingine.

Nilikaa kwenye benchi la kibanda kile, nikakitazama kidole changu. Hakikuwa na wino, lakini nilikitambua. Mimi, mwalimu wa lugha, niliyewafundisha mamia ya watoto kuandika barua rasmi, nilikuwa nimetia kidole gumba.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, alikuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Nilimweleza yaliyonipata kwa aibu. Hakunicheka. Aliiweka kompyuta yake mapajani mwangu, akasema, "Mjomba, leo mimi ni mwalimu. Sitaigusa. Utaigusa wewe." Sheria hiyo aliishika wiki nzima. Kila nilipomwomba abonyeze yeye ili tuende haraka, aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. Nami nakuomba, msomaji, ukimfundisha mzazi au jirani, fanya hivyo hivyo.

Somo la kwanza lilikuwa kuiwasha, kusubiri, na kukiongoza kishale kwa kidole juu ya kile kibao laini kilicho chini ya kibodi. Kidole changu kilizoea chaki na jembe. Kishale kilikimbia kama panzi. Hapo ndipo nilipojifunza kitenzi kubofya kwa mwili, si kwa kamusi. Sisi humbofya embe kuona kama limeiva: kwa upole, na kwa kusikiliza kidole kinasema nini. Ndivyo inavyobofywa kompyuta. Bofya mara moja kuchagua, mara mbili haraka kufungua, wala usikandamize kama unayesaga karanga.

Somo la pili lilinigharimu kurasa mbili. Niliandika insha kwa saa nzima, nikitafuta herufi moja moja. Nilipochoka, nikakibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi. Insha yangu ikapotea. Mpwa wangu aliniambia kwa upole, "Mjomba, si wewe uliyetufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari?" Tangu siku ile, kila baada ya aya moja hushikilia kitufe cha Ctrl na kubonyeza S, yaani kuhifadhi. Na kabla ya kuizima kompyuta, hufunga kazi zangu kwanza, kisha huichagulia amri ya kuzima. Weka mazoea hayo mapema, hasa ukiishi mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi.

Somo la tatu lilikuwa majina. Nilikuwa nimehifadhi mafaili saba, kila moja likiitwa "barua" pamoja na namba. Sikujua ipi ni ipi. Akanifundisha kuunda folda na kulipa kila faili jina linalojieleza: "Maombi ya mafunzo 2019", "Alama za darasa la pili muhula wa kwanza". Mama mwenye nyumba hajazi chumvi, sukari na unga wa sabuni katika makopo yasiyo na alama. Siku utakapotakiwa kuonyesha nakala ya cheti au risiti, hutakuwa na muda wa kuonja kila kopo.

Kisha tukaja kwenye barua pepe, na hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini mwako. Basi unapopakua faili, unalitoa katika intaneti na kuliweka kwenye kompyuta yako. Kupakia ni kuweka mizigo katika gari au chomboni. Unapopakia cheti chako, unakisafirisha kwenda kwa mwingine. Kuambatisha ni kufungamanisha kitu na kingine, kama mzigo uliofungwa pamoja na barua. Kabla ya kutuma, jiulize mambo matatu: anwani ya mpokeaji ni sahihi? Kichwa cha barua kinaeleza jambo lenyewe? Nilichosema nimekiambatisha kimo kweli? Nimewahi kutuma barua inayosema "tafadhali pokea kiambatisho" ilhali haikuwa na chochote. Usiniige.

Somo la mwisho lilikuwa nywila, na ndilo lililonigusa zaidi. Nilitaka kutumia mwaka wangu wa kuzaliwa. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, ni nani katika mtaa huu asiyeujua?" Akanishauri nichukue maneno kadhaa yasiyohusiana, ninayoyakumbuka mimi peke yangu, nikayaunganisha na tarakimu. Nywila ndefu ni bora kuliko fupi, na nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote. Tena ukitumia kompyuta ya kibanda au ya shule, usiikubalie ikuwekee nywila yako pale inapokuuliza, na usiondoke kabla hujatoka kwenye akaunti yako. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Hiyo ni sawa na kurudishia mlango bila kuufunga kwa ufunguo.

Pengine unajiuliza: haya yanahusiana nini na elimu ya uraia? Yanahusiana sana. Leo hapa Uganda mtu anayeomba pasipoti huanza kwa kujaza fomu katika mtandao.  Kijana anayetaka kusoma Makerere hutuma maombi yake kwa njia hiyo hiyo. Jirani zetu wa Kenya wana mfumo wa eCitizen, na wa Rwanda wana Irembo. Dirisha la ofisi ya serikali limehamia katika skrini. Asiyejua kulifungua hufunguliwa na mwingine, na huyo mwingine huona kila kitu: jina, umri, namba ya kitambulisho, kipato, wakati mwingine hata ugonjwa.

Sheria zipo upande wako. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale ambapo kutolewa kwake kunaweza kuathiri usalama wa nchi au faragha ya mwingine. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, inayokupa haki ya kujua taarifa zako zilizokusanywa na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Ni haki nzuri. Lakini nikuulize: utaombaje kusahihishiwa kosa usiloweza kuliona? Nywila yangu ilikuwa katika daftari la mtu mwingine. Haki yangu nayo ilikuwa katika daftari hilo hilo.

Simlaumu kijana yule. Alinifanyia nilichomwomba, kwa bei nafuu, na kwa tabasamu. Vibanda kama chake vinawasaidia watu wengi wasio na kompyuta, nami bado huvitumia kuchapisha mitihani. Tofauti ni kwamba sasa hukaa mbele ya skrini mimi mwenyewe, na nikihitaji msaada huuliza, "Nionyeshe," badala ya kusema, "Nifanyie." Kati ya vitenzi hivyo viwili kuna safari nzima ya uraia. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sidhani walikusudia kutukataza kusaidiana. Nadhani walituonya tusiuache mkono wetu ukalala.

Nawe unayejifunza Kiswahili una faida moja ambayo mimi sikuitambua mapema. Barua pepe ya Google inaweza kuwekwa katika Kiswahili. Badilisha lugha ya barua pepe yako kwa wiki moja. Mwanzoni utapotea kidogo, lakini kila siku utasoma maneno kama hifadhi, futa, tuma, tafuta na mipangilio, si katika orodha ya kukariri, bali mahali yanapofanya kazi. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Lugha rasmi isiyotumika katika kazi rasmi ni kama koti la sherehe: hutundikwa, husifiwa, na huliwa na nondo.

Basi nakupa kazi, kama ilivyo desturi yangu. Andika kwa Kiswahili barua pepe fupi ya maombi, sentensi sita au saba, kwa ofisi yoyote ya umma iliyo karibu nawe: uliza jambo ambalo kweli unataka kulijua. Ihifadhi kwa jina linalojieleza. Isome tena kwa sauti. Ambatisha kinachohitajika. Kisha mtafute mtu mmoja katika familia yako ambaye bado hupeleka karatasi zake kibandani, mwekee kompyuta mapajani, na uifiche mikono yako nyuma ya mgongo wakati anajaribu.

Mwaka uliofuata niliomba tena nafasi katika mafunzo yale. Niliiandika barua usiku, nikiwa peke yangu, taa ya skrini ikinimulika usoni. Nilisoma kila neno kabla ya kubofya "Tuma". Jibu lilipofika asubuhi ya siku ya tisa, nililifungua mimi, nikalisoma mimi, nikathibitisha mimi, kabla chai haijapoa. Nilimkumbuka baba. Kidole kilichobofya kilikuwa kile kile cha ukoo wake, ila safari hii macho yalikuwa yametangulia kuona.