Siku 11 za Mapovu

Baba mdogo huwaambia wageni kwamba ninasomea kuziba pancha za watu. Mfano huo nilimpa mimi mwenyewe.

Alipona kifua kikuu, lakini pafu moja lilibaki na shimo na akawa anakohoa damu. Wakamkata sehemu ile. Baada ya upasuaji alikaa siku 11 na mrija ubavuni, ncha yake imezama katika chupa ya maji, nasi tukitazama mapovu. Mapovu maana yake hewa bado inavuja pale palipokatwa. Uvujaji ukipita siku 5 madaktari huuhesabu kuwa tatizo.

Hapa Mlowo, kando ya barabara ya Tunduma, fundi tairi naye hutumbukiza mpira kwenye beseni kutafuta mapovu. Tofauti ni kwamba mpira wa lori hutulia mpaka gundi ishike. Pafu limelowa, na linajaa na kusinyaa mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kiraka kikiwa kigumu, ama kitabanduka, ama kitalibana lisitanuke.

Viraka vipo tayari: vya kolajeni iliyopakwa protini za kugandisha damu, na vipande vya utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Vinaziba, basi. Ninachosomea mimi ni kuosha tishu ya mnyama kwa sabuni maalumu mpaka seli zake zitoke, ubaki utando unaonyumbulika, ambamo seli za mgonjwa zinaweza kuhamia na kuishi. Mwaka 2010 watafiti wa Yale na wengine wa Boston waliosha mapafu ya panya hivyo, wakayapanda seli mpya na kuyapandikiza. Yalibadilishana hewa kwa saa chache tu. Kiraka ni tamaa ndogo zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili.

Mama aliposikia tunatumia mapafu ya nguruwe alishangaa: "Yale tunayowatupia mbwa?"

Baba mdogo hakucheka. Aliuliza kama na yeye atawekewa. Nikamwambia hapana, baba, lako lilijiziba lenyewe, na changu bado kiko kwenye kisahani cha maabara.

"Kikitoka humo, kitakuwa magunia mangapi ya kahawa?"

Vya sasa vinaagizwa kutoka ng'ambo, na magunia yake nayafahamu. Nilinyamaza. Akanyanyuka kwenda kugeuza kahawa kichanjani, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi.